Sifuri ya multimita

Hita ya maji katika nyumba moja ya Tabata ilikuwa ikitoa maji ya uvuguvugu tu. Nilizima swichi yake ukutani, nikafungua kifuniko, nikaweka ncha moja ya multimita kwenye waya wa moto na nyingine kwenye nyutro. Kioo kikaonyesha sifuri. Nikashika bisibisi nilegeze skrubu, kidole kikagusa shaba. Nilipopata akili nilikuwa nimekaa sakafuni, bisibisi iko kona ya pili ya bafu.

Multimita haikuwa mbovu. Aliyefunga hita alitumia swichi inayokata waya mmoja, na waya alioukata ni nyutro. Kwa hiyo nilipozima, moto uliendelea kuingia kwenye hita, ukapita kwenye koili ya kupashia, ukatokea upande wa nyutro na kukwama hapo. Nyaya zote mbili zilikuwa na volti 230 kwa kulinganisha na ardhi niliyosimama juu yake, lakini kati yao hapakuwa na tofauti yoyote. Multimita husoma tofauti kati ya ncha zake mbili, basi. Haijui miguu yako iko wapi.

Tangu siku ile napima mara tatu: moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Na kama nyumba haina ethi ya kuaminika, vipimo viwili vya mwisho navyo vinaweza kusema uongo. Hapo sibishani na swichi ya ukutani, nakwenda kuzima swichi kubwa, kisha ndipo ninarudi kupima.

Sifuri ya uongo ina njia nyingine nyingi za kuingia. Chukua ile multimita ndogo ya njano iliyojaa Kariakoo, inayotumia betri ya volti 9. Swichi yake ya kuzungusha ina sehemu mbili za volti: yenye kistari kilichonyooka ni ya DC, yaani betri na sola, na yenye alama ya wimbi ni ya AC, umeme wa ukutani. Ukiiacha kwenye DC halafu ukapima soketi, utaona sifuri au tarakimu zinazorukaruka jirani na sifuri. Soketi ina moto kamili. Waya wa kupimia uliokatika ndani ya mpira wake, karibu na ncha pale unapokunjwa kila siku, nao utakupa sifuri safi kabisa.

Kuna na lile "1" linalosimama peke yake upande wa kushoto wa kioo. Wanafunzi wangu wawili, kwa nyakati tofauti, wamelisoma kama volti moja. Maana yake ni kwamba umeme umezidi kipimo ulichochagua. Ukipima soketi ya volti 230 kwenye AC 200, ndicho utakachokiona. Anza na kipimo kikubwa kuliko vyote, kisha shuka.

Ndiyo maana mafundi waangalifu hawaamini sifuri mpaka iwe na mashahidi wawili. Pima kwanza soketi unayojua ina umeme, uone multimita inaisoma. Pima unapotaka kugusa. Rudi kwenye ile soketi upime tena. Wengi hufanya hatua ya kwanza na ya pili, wakaiona ya tatu kuwa ni mbwembwe. Lakini waya wa kupimia unaweza kukatika katikati ya kazi, na betri ikafa papo hapo, nawe ukadhani umeme ndio uliokufa.

Betri yenyewe haifi ghafla kila mara. Ikichoka, alama ya betri hutokea kwenye kioo na namba huanza kupotoka, aghalabu kwenda juu. Ibadilishe siku hiyohiyo, ila chomoa kwanza nyaya za kupimia kabla ya kufungua mgongo. Ncha ikiwa bado imegusa umeme, shaba iliyo ndani ya kasha ina moto uleule.

Tundu la 10A linahitaji maneno yake. Ukiwa kwenye volti, multimita huukataa umeme usipite ndani yake, ukinzani wake ukifika omu milioni moja au hata milioni kumi. Ukiwa kwenye ampea huufungulia mlango wazi, kwani ndani ya tundu lile mna kipande kinene cha chuma tu. Sasa mtu anapima ampea za betri ya sola asubuhi, anasahau waya kwenye tundu hilo, mchana anachomeka ncha kwenye soketi ajue volti. Hiyo ni sawa na kuunganisha moto na nyutro kwa msumari, tena msumari alioushika mkononi. Kwenye ile ya njano, kando ya tundu mara nyingi pameandikwa kwamba halina fyuzi. Multimita nzuri huweka hapo fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga, ya kuzima cheche kubwa. Ikiungua, tafuta ya aina ileile. Anayeweka uzi wa waya mahali pake ameondoa kinga yote.

Kabla ya kununua, tazama maandishi CAT kando ya matundu. CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III kwa boksi la breka, CAT IV kwa upande wa mita na nyaya zinazotoka kwenye nguzo. Namba hizo zipo kwa sababu radi ikipiga laini mbali huko, mshindo wake husafiri hadi kwako. Kifaa cha CAT III cha volti 600 hujaribiwa kwa mshindo wa volti 6,000. Tatizo ni kwamba wino ni rahisi, na wapo wanaochapa CAT III juu ya plastiki isiyostahili hata CAT II. Mimi hutazama unene wa fyuzi na upana wa nafasi kati ya matundu na shaba ya bodi.

Multimita niliyotumia siku ile Tabata, nayo ya njano, bado ninayo. Swichi yake nimeigandisha kwa gundi kwenye DC 20, inapima betri za gari.