Chumvi Huzuia Barafu ya Gesi



Tukifungua chupa ya soda tunaona mapovu yakipanda. Hiyo ni hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Hapa hapa mkoani Mbeya, kule Kyejo wilayani Rungwe, hewa hiyo hutoka ardhini. Huvunwa kwa visima, ikauzwa kwa watengeneza vinywaji.

Hewa hii ina tabia ya ajabu. Ikibanwa kwa nguvu pamoja na maji ya baridi kali, huganda nayo kama barafu. Maji yakiwa na baridi ya nyuzi 0, msukumo wake lazima uwe kiasi cha mara 12 ya ule wa hewa ya kawaida. Joto likizidi nyuzi 10 hivi, ni vigumu kuganda.

Inakuwaje? Tutazame majaruba yetu ya mpunga hapa Madibira. Matuta huzunguka maji yasitoke. Katika barafu hii, chembe za maji ndizo matuta. Hujenga vyumba vidogo sana, na hewa hufungiwa ndani.

Gesi ya asili nayo hufanya hivyo. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Gesi kama hiyo hukaushwa maji kwanza. Bila hivyo, barafu yaweza kuziba bomba. Ikiachia ghafla huruka kama risasi, ikapasua bomba na kuua fundi.

Njia nyingine ni kutia kitu katika maji. Chumvi huvuta chembe za maji upande wake, zikashindwa kujenga vyumba. Spiriti iitwayo methanoli hufanya vivyo hivyo. Hiyo ni sumu, hainywewi kamwe!

Lakini si kila kinachotiwa huzuia. Dawa za jamii ya zile zinazotoa povu la sabuni zaweza kuharakisha barafu, hata zikiwa kidogo. Wataalamu huzichunguza ili waifungie hewa ya ukaa, isipande angani na kuzidisha joto la dunia.

Basi ndugu, kabla ya kuongeza kitu chochote, tuulize: ni kitu gani, kiasi gani, kwa kazi gani? Hata mbolea jarubani yataka hivyo.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini gesi hukaushwa kabla ya kusafirishwa?
2. Chumvi huzuiaje barafu ya gesi?