Nyumba Ndogo Si Dawa ya Kelele

Kila msimu wa maombi ya vyumba ninaulizwa swali lile lile: "Kuna nyumba gani ndogo ya ushirika kule Berkeley, mwanangu asome kwa utulivu?" Ndogo! Sijui ni nani aliyewaaminisha watu kuwa utulivu hupimwa kwa kuhesabu vitanda.

Wanaouliza wamesikia kwamba Cloyne Court na Casa Zimbabwe, zenye wakazi zaidi ya mia kila moja, ni za karamu, na Kidd Hall, isiyofikisha wakazi ishirini, ni ya wasomi. Haya, tuitazame Cloyne. Kwa miaka mingi ilivuma kwa sherehe na dawa za kulevya. Mwaka 2014 bodi ya Berkeley Student Cooperative, ushirika wenye nyumba hizi, ikaamua iwe nyumba ya masomo, isiyoruhusu vileo wala dawa hizo, na waliokuwa wakiishi humo wakazuiwa kurudi. Jengo lilibaki lile lile. Zilibadilika kanuni, wakabadilika na watu. Hadi leo kuna kaka wa mtu anayetoa ushauri kwa sifa za kabla ya mwaka huo.

Wakazi wa nyumba hizi ndio wanaochagua mameneja wao na kupigia kura mambo ya nyumba kwenye vikao, na kila mwaka kundi kubwa huhama. Sifa ya mwaka juzi haikusaidii kitu.

Udogo nao una bei yake. Kila mkazi ana zamu, kwa kawaida saa tano kwa wiki: kupika, kuosha vyombo, kusugua vyoo. Penye watu mia, mmoja akitoroka zamu anapigwa faini na mwingine anashika sufuria, maisha yanaendelea. Penye watu kumi na saba, sufuria la maharage linalala kwenye sinki mpaka linaota ukungu, kila mtu anajua ni la nani, na kikao cha kulijadili kinaitishwa usiku, kesho una mtihani. Ukikosa chakula cha jioni mara mbili unaulizwa umemnunia nani. Kelele za namna hiyo hazizibwi kwa pamba masikioni.

Halafu kuna chumba chenyewe. Vyumba hugawanywa kwa pointi za ukongwe, kwa hiyo mgeni huchukua kilichobaki, mara nyingi cha kulala na mwenzake. Na huenda mpiga kelele ukawa wewe: saa sita usiku Berkeley, Mombasa kumekucha zamani na mama amepiga simu, anataka habari zote.

Kwa hiyo, haraka haraka. Usiyeweza kula na umati, omba fleti za Rochdale Village, ujipikie. Uliyekwisha kuwa mtu mzima au unasomea shahada ya juu, ulizia Hillegass-Parker. Usiyekula nyama, Lothlorien. Kabla ya kusaini, tembelea nyumba Jumanne usiku, si Ijumaa. Omba kumbukumbu za vikao vya karibuni. Tazama ubao wa zamu kama una majina au mapengo. Uliza saa za ukimya wiki ya mitihani, na nani huzisimamia. Ukishaingia, wahi zamu moja ndefu ya wikendi kabla hazijaisha. Chumba cha juu ya jiko kikatae, hata ukiambiwa kina dirisha zuri.