Uvumi wa Kalunguta uliobeba ombi

Ebola ilipoenea kati ya Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2018 na kuingia katika eneo la afya la Kalunguta, wakazi walikuwa na mengi ya kusema. Wapo waliosema majeneza yamejazwa mawe, na wapo waliosema viungo vya marehemu vinauzwa. Wengine waliuliza kwa nini Ebola imeletewa magari na fedha, ilhali mauaji yaliyowaandama watu wa Beni tangu 2014 hayakuletewa chochote cha kulingana na hayo. Wanaojitolea wa Msalaba Mwekundu, waliopita vijijini na mitaani, waliyaandika maneno hayo.

Mlipuko huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafariki. Katika muda huo maoni yaliyokusanywa yalifika mamia ya maelfu. Kila moja lilitakiwa liingie katika fungu lake: uvumi na imani, swali, pendekezo au ombi, shukrani. Watu waliifanya kazi hiyo kwa kusoma sentensi moja baada ya nyingine. Kwa wingi wa namna hiyo, lazima mtu ajiulize: je, kompyuta haiwezi kufundishwa kuifanya?

Wahandisi wa programu wanalijua swali hilo, maana mteja wao naye haleti orodha safi ya mahitaji. Huleta malalamiko, matumaini na visa, nao wanapaswa kuyachambua. Kwa kawaida huyagawa mahitaji mafungu mawili: kazi ambazo mfumo utafanya, na sifa ambazo mfumo uwe nazo. Chukua mfumo wa kufuatilia waliokutana na wagonjwa, kama Go.Data ya Shirika la Afya Duniani iliyotumika Kongo. Mtu aliyekutana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21. "Mfumo unionyeshe nani hajatembelewa leo" ni kazi. "Ufanye kazi hata pasipo mtandao" na "jina la mgonjwa lisionwe na kila mtu" ni sifa. Hizi za pili ndizo hupotea upesi katika maelezo, na kijijini ndizo huamua kama programu itatumika au itatupwa.

Utafiti wa kuzipata sifa hizo kwa mashine si wa jana. Katika miaka ya 2000, mtafiti Jane Cleland-Huang na wenzake, Chicago, waliutumia mkusanyiko wa sentensi 625 za mahitaji zilizotokana na miradi ya wanafunzi. Watafiti bado wanaurejea hadi leo. Mbinu za mwanzo zilihesabu maneno: penye "sekunde" pana suala la kasi, penye "nywila" pana usalama. Tangu 2018, modeli za lugha kama BERT ya Google zinalisoma neno pamoja na majirani zake, na matokeo yamekuwa bora zaidi.

Lakini sentensi zile 625 ni za Kiingereza cha darasani. Mkazi wa Kalunguta huanza na Kinande, akaingia Kiswahili cha Kongo, akamalizia na neno la Kifaransa, na mara nyingi maneno yake huishia kwenye fomu yakiwa Kifaransa kitupu. Mashine iliyofundishwa kwa magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi itababaika ikikutana na "banatafuta tu franga", yaani wanatafuta pesa tu. Hatua zimepigwa: mwaka 2020, mradi wa tafsiri za UVIKO-19 uitwao TICO-19 ulikipa Kiswahili cha Kongo nafasi yake, kando ya Kiswahili sanifu. Hata hivyo tafsiri za taarifa za afya hazitoshi kuifundisha mashine namna watu wanavyolalamika.

Tatizo la pili ni hesabu yenyewe. Tuseme katika sentensi kumi moja tu ndiyo ombi. Mashine inayojibu "si ombi" kila mara itapata alama tisa kwa kumi, na haitakuwa na faida yoyote kwa mtu yeyote. Ndiyo maana anayeletewa programu ya aina hii aulize kwanza: katika maombi ya kweli, imeyakamata mangapi?

Tatizo kubwa zaidi ni mafungu. Yale maneno ya mawe ndani ya jeneza yakiwekwa kwenye fungu la uvumi tu, jibu lake ni mahubiri: waelimisheni watu. Yakisomwa kwa makini, ndani yake mna ombi: tuonyesheni maiti wetu. Msalaba Mwekundu ulilisikia, ukaanza kutumia mifuko ya maiti inayoonyesha ndani. Huko Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu, CUBE, ndugu wakamwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Mashine iliyofundishwa kuwa sentensi ni uvumi au ombi, moja tu kati ya hayo, isingefika hapo.

Kwa hiyo vijana wanaosomea kompyuta Butembo wasisubiri Chicago iwaletee mfano. Wakusanye sentensi za Kinande na za Kiswahili chetu kwa idhini ya wasemaji, bila majina yao. Waruhusu sentensi moja kubeba lebo mbili au tatu. Na kabla mashine haijaanza kazi, lebo hizo zipitiwe na mama wa sokoni na muuguzi wa kituo cha afya. Programu inayojengwa kwa ajili ya Kalunguta bila watu wa Kalunguta kukagua mafungu yake haifai kupokelewa.