Fungu la Sanaa Katikati ya Umaskini

Kila msimu wa bajeti, zamu ya wizara yenye dhamana ya utamaduni inapofika, hoja moja hurudi, bungeni na vijiweni: zahanati hazina dawa, watoto wanakaa chini darasani, halafu serikali itoe hela za ngoma na maigizo? Wanaoisema hawaichukii sanaa. Wengi wao wamempeleka mgonjwa hospitali wakaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dawa duka la nje. Kuwabeza ni kukosa utu, na nusu ya hoja yao naikubali bila kinyongo: mtoto aliyeshikwa na malaria haponi kwa kuimbiwa.

Nusu iliyobaki ndiyo inayohitaji kuchambuliwa, kwa sababu imebeba dhana mbili zisizosemwa waziwazi. Ya kwanza ni kwamba shilingi iliyonyimwa sanaa itakwenda zahanati. Ya pili ni kwamba sanaa ni ya walioshiba, kwa hiyo maskini asubiri kwanza ashibe.

Dhana ya kwanza haihitaji maneno mengi. Katika nchi zetu fungu la sanaa ni dogo mno. Ukilifuta lote leo, bohari ya dawa haitaona tofauti. Tena serikali haiachi kulipia sanaa hata inaposema haina hela. Sherehe za kitaifa zina jukwaa, spika na wasanii. Uzinduzi wa miradi una kikundi cha ngoma, na kampeni ya usafi au chanjo ina wimbo wake. Malipo hayo yanatoka kwenye mafungu mengine, chini ya majina ya uhamasishaji na maadhimisho, na aghalabu hayaulizwi maswali. Ndiyo maana naona mjadala wa kama serikali igharamie sanaa umekwisha kabla haujaanza, kwa kuwa inagharamia tayari. Kilichobaki ni kuuliza inanunua nini.

Dhana ya pili ilijibiwa na watu wa Kamirithu. Kijiji hicho cha Limuru, nchini Kenya, kilitokana na vijiji vya hali ya hatari ambamo wakoloni waliwakusanya watu kwa nguvu katika miaka ya 1950. Wakazi wengi hawakuwa na ardhi. Walifanya vibarua kwenye mashamba ya chai au kazi katika kiwanda cha viatu cha Bata. Walikuwa na kituo chao cha elimu ya watu wazima, na kutoka hapo ikazaliwa tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii. Wanakijiji waliisikiliza ikisomwa, wakarekebisha maneno ya wahusika wa rika na kazi zao, wakaigiza wenyewe, na wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila mpita njia akiwa na haki ya kusahihisha. Hawa ni watu ambao ungesema wana mambo mengine ya maana zaidi ya kufanya siku ya Jumapili. Onyesho lilianza Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa. Desemba Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini, akakaa huko karibu mwaka mzima. Machi 1982 askari wakaja na kulibomoa jukwaa.

Kisa hiki kinakata kuwili. Kinaonyesha kwamba mnyonge hasubiri kushiba ndipo atake sanaa. Nenda kwenye shughuli yoyote ya mtaani Tanga au Unguja utamwona mama muuza maandazi akiinuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji. Pia kinaonyesha kwamba serikali si mfadhili wa kuaminiwa hivihivi, na kwamba pengine msaada wa kwanza inaoweza kutoa, usiogharimu hata senti, ni kutobomoa.

Tanzania ilishika njia nyingine. Mwaka 1962, siku Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda wizara ya utamaduni na vijana, katika nchi iliyokuwa na shule chache na madaktari wa kuhesabika. Kuanzia hapo taasisi za umma zikaanza kumiliki bendi. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi yake. Umoja wa Vijana nao ukawa na Vijana Jazz, na polisi na JKT hawakubaki nyuma. Baadaye Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, likaichukua Mlimani Park. Mwanamuziki akawa mwajiriwa, analipwa mshahara kama karani.

Inafaa kueleza mpango huo ulivyofanya kazi, maana siku hizi watu wanazikumbuka nyimbo wakasahau zilikotoka. Gitaa la umeme, ampilifaya na seti ya ngoma za kizungu viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kijana aliyepanga chumba Ilala asingeweza kuvinunua hata angedunduliza miaka kumi. Taasisi ilinunua vyombo, bendi ikafanya mazoezi katikati ya wiki, mwisho wa wiki ikapiga ukumbini, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikawarekodi na kuwarusha nchi nzima. Mtunzi mwenye mshahara alikuwa na muda wa kukaa na wimbo hadi ukaiva. Muhidin Maalim Gurumo alipitia humo, kama walivyopitia wengi ambao sauti zao bado zinasikika kwenye vipindi vya zilipendwa. Umma uliwanunulia vyombo na muda, na mavuno yake tunayala hadi leo.

Gharama yake nayo ilikuwepo. Mwajiri alitaka kusifiwa, na nyimbo nyingi za enzi hizo zilitungwa kwa ajili ya chama, Azimio la Arusha la 1967 na vijiji vya ujamaa. Redio ilikuwa moja, hivyo wimbo uliokataliwa pale haukuwa na pa kwenda. Vyombo havikuwa mali ya bendi. Mpigaji aliyegombana na uongozi aliondoka mikono mitupu. Hakimiliki haikuwa na meno. Sheria iliyoweka msingi wa taasisi ya hakimiliki, COSOTA, ilikuja mwaka 1999. Uchumi ulipobana, na nchi ilipokubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mashirika yakaanza kukata kila kisichoingiza faida, na bendi zikawa miongoni mwa vya kwanza kuachwa zijitegemee. Hazikuwa na sheria wala mfuko wa kuzilinda. Zilitegemea hisani ya meneja.

Hapo wapo wanaosema: mbona Bongo Fleva ilikua bila mkono wa serikali? Redio binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, na studio za mitaani zikafuata, vijana walijitengenezea tasnia yao, nayo leo inasikilizwa Afrika nzima. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Lakini soko hulea kinachouzika leo, na sanaa nyingine huhitaji mlezi wa miaka mingi kabla haijaleta chochote.

Mfano wangu ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, fundi wa zeze na ilimba. Nyerere alimleta Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akawa msanii wa kikundi cha taifa. Kikundi kilipovunjwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981, naye akahamia huko. Ilimba si chombo cha kujifunza kwa wiki mbili. Kuna ilimba zenye vijiti vya chuma zaidi ya 60, na kila kimoja lazima kitafutiwe sauti yake. Vidole vinapojua njia, bado kuna kazi ya kuimba juu yake kwa ile sauti nyembamba inayopanda na kuteleza, wenzako wakikupokea. Hakuna promota wa miaka ile ambaye angemlipa mtu kwa kukaa na chombo kama hicho kila siku. Mshahara wa umma ulimlipa. Alifundisha vijana pale Bagamoyo, akazunguka dunia, akarekodi kwa mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza, na alipofariki mwaka 2003 aliacha ukoo mzima wa wanamuziki wanaoendelea kupiga. Mshahara wake kwa miaka yote hiyo usingejenga zahanati nyingi. Alichokibakiza kisingenunulika tena kwa bei yoyote.

Kwingine Afrika, nchi maskini kuliko yetu ilitafuta namna ya kulipia sanaa bila kugusa fedha za dawa. Upper Volta, ambayo sasa ni Burkina Faso, ilitaifisha majumba ya sinema mwaka 1970, ikaweka makato kwenye tiketi na kuyapeleka katika mfuko wa kutengeneza filamu za nyumbani. Mtazamaji wa filamu ya kigeni alichangia filamu ya Ouagadougou. Tamasha la FESPACO, lililoanza mwaka 1969, likawa mahali pa kuzionyesha. Gaston Kaboré alitoa Wend Kuuni mwaka 1982, na mwaka 1990 filamu ya Idrissa Ouédraogo, Tilaï, ikatwaa Tuzo Kuu ya Majaji huko Cannes. Umaskini wa Burkina haukuondolewa na filamu hizo, na sitasema uliondolewa. Ila nchi hiyo ilipata wasimuliaji wake, na pesa ilitoka kwa waliokuwa wamekaa ukumbini. Tanzania imeanza kuelekea huko: mwaka 2023 ilianzisha tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kurekodia na kunakili kazi za sanaa. Itakuwa na maana ikiwa fedha hizo zitawafikia wasanii wenyewe badala ya kuishia kwenye vikao na posho.

Nigeria ilichagua kinyume. Mapema mwaka 1977 iliandaa tamasha la FESTAC jijini Lagos kwa fedha za mafuta: maelfu ya wasanii kutoka pande zote za dunia ya watu weusi, mji mpya wa kuwapokea, na jumba kubwa la maonyesho la Iganmu. Wageni waliporudi makwao jumba likabaki. Lilichakaa kwa miongo kadhaa hadi benki zilipojitokeza kulikarabati, mwaka 2024 likapewa jina la mwandishi Wole Soyinka, na mwaka 2025 likafunguliwa upya. Tukio lilipata fedha, matunzo yakakosa. Nami nadhani hapo ndipo wanaouliza habari za zahanati wana haki ya kukasirika.

Zanzibar inatuonyesha tatizo jingine. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa mwaka 2002 pale Forodhani, kimewafundisha watoto wa Unguja kanuni, udi na fidla, na kwa sehemu kubwa kimeishi kwa hela za wafadhili wa nje. Mwaka 2019 kilikuwa ukingoni mwa kufungwa. Tamasha la Sauti za Busara nalo lilikosa fedha, na mwaka 2016 halikufanyika kabisa. Taarabu ilikuja visiwani chini ya mkono wa Sultani Barghash, aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Ni aibu kwamba leo hatima ya muziki huo huamuliwa na kamati ya ubalozi fulani inayopanga vipaumbele vyake vipya.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa shilingi ya sanaa iende wapi kwanza, ningesema kwa mwalimu. Tanzania imeingiza mkondo wa amali katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2024, na sanaa imo ndani yake. Kwenye karatasi ni hatua kubwa. Shuleni mambo huwa mengine: kipindi cha sanaa hupewa mwalimu mwenye vipindi vichache, na ngoma huazimwa kanisani au kwa kikundi cha jirani. Mtoto wa mwenye nacho atalipiwa masomo ya piano Masaki. Mtoto wa Mbagala asipofundishwa shuleni, hatafundishwa popote. Kuondoa fungu la sanaa kwa jina la maskini ni kuhakikisha kwamba sanaa itabaki kwa wasio maskini.

Baada ya mwalimu, mahali. Dar es Salaam ilikuwa na kumbi za umma ambako kikundi kisicho na kitu kiliweza kufanya mazoezi, Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ikiwa mojawapo. Halmashauri nyingi zina majengo ya namna hiyo, na siku hizi hukodishwa kwa harusi, kwa bei isiyoshikika na vijana wa kwaya au maigizo. Kuwatengea jioni mbili kwa wiki bila malipo ni uamuzi wa baraza la madiwani, wala hauhitaji kasma mpya. Na kumbukumbu pia: mikanda ya Redio Tanzania inaoza kwa joto na vumbi ikiachwa, na mkanda ukishaoza hakuna bajeti ya mwakani itakayourudisha.

Mambo haya yote ni ya gharama ndogo, na hayapigwi picha. Hayana utepe wa kukatwa. Sifa za viongozi zisilipiwe kwa fedha za umma. Wanaotaka kusifiwa wajilipie. Matamasha makubwa yatafute wadhamini. Na mwaka ambao ni lazima kuchagua, dawa kwanza, sina ubishi. Lakini nikisikia kipindi cha sanaa kimefutwa shule ya kata kwa kisingizio hicho, nitataka kuonyeshwa ile zahanati iliyonufaika.