SIDIRIA NA NGOZI YAKO

Mama, je, wakati wa joto unawashwa chini ya matiti? Kule Kibosho na Marangu kuna baridi. Lakini siku ukiteremka Moshi mjini mwezi Februari, jasho hukutoka. Jasho likikaa kwenye ngozi huleta harara na fangasi.

Chagua sidiria ya pamba. Pamba hunyonya jasho. Nailoni huzuia hewa. Vidole viwili vipite chini ya mkanda wake. Ikikuachia alama nyekundu, inabana.

Usinunue sidiria ya mitumba. Shirika la Viwango Tanzania lilipiga marufuku nguo za ndani za mitumba. Zinaweza kuleta magonjwa ya ngozi.

Fua sidiria mpya kabla ya kuivaa. Wakati wa joto badilisha kila siku. Suuza mpaka sabuni yote iishe. Anika juani. Usiifiche chini ya kanga kwa kuona haya. Isipokauka vizuri, fangasi hustawi.

Upele usipopona kwa wiki mbili, nenda zahanati. Kidonda kwenye chuchu kisichopona chaweza kuwa dalili ya saratani. Usione haya. Titi ni kiungo kama mkono.