Nanga ya Chombo: Mnyororo au Kamba?

Kutoka Nchelenge, nchini Zambia, vyombo huvuka Ziwa Mweru kwenda visiwa vya Kilwa na Isokwe vikiwa na abiria na mizigo. Upepo ukichafuka na injini ikazimika, roho za watu huwa mikononi mwa nanga.

Je, nanga ifungwe kwa mnyororo au kwa kamba? Yafaa vyote viwili. Mnyororo ni mzito: hulala chini, ukaifanya nanga ivutwe sambamba na sakafu ya ziwa hata makucha yake yakazama topeni, wala haukatwi na mawe. Lakini mnyororo mtupu hulemea chombo kidogo. Kwa hiyo mita chache zatosha upande wa nanga, kisha ifuate kamba ya nailoni, ambayo hunyumbuka mawimbi yapigapo. Kamba ya plastiki ielayo huharibiwa na jua na huweza kunaswa na rafadha. Ya katani huoza ikiwekwa mbichi.

Urefu nao usipunjwe. Jumlisheni kina cha maji na kimo cha omo, kisha zidisheni mara 7: kina cha mita 5 na omo ya mita 1 hutaka mita 42. Kamba fupi huing'oa nanga.

Kabla ya safari, ncha ya ndani ifungwe imara chomboni, na kamba ikaguliwe, palipochubuka pakatwe.