D Mbili za 2012 na D Mbili za 2015

Mtu mzima anayetaka kurudi kusoma huniuliza kwanza kama hajachelewa. Mimi humuuliza vyeti vyake viko wapi. Umri haumo katika sifa za chini za kuingia chuo kikuu hapa Tanzania. Kinachokwamisha wengi ni karatasi, na mlango waliochagua kuugonga.

Tena kuna wakati nchi hii ilitaka watu wachelewe. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza mhitimu wa kidato cha sita aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili, ndipo aombe chuo kikuu. Wanawake walipungua sana darasani, wakaondolewa sharti hilo baada ya muda mfupi. Lakini kwa kizazi hicho, kuingia chuo ukiwa umeshaonja mshahara lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Turudi kwenye vyeti. Aliyemaliza kidato cha sita zamani ajue kwamba alama zake husomwa kwa kanuni za mwaka wake. Kiwango cha chini cha shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Kwa kawaida D ni pointi 2, kwa hiyo mwenye D mbili za 2012 amefika. Waliofanya mtihani 2014 na 2015 walipangiwa madaraja tofauti, yenye B+ ndani yake, na D yao ni pointi 1. D mbili za 2015 hazifiki. Nimeona ndugu wawili wakigombana juu ya hili, kila mmoja akiamini mwenzake kapendelewa. Aliyepungukiwa pointi anaweza kusoma kozi ya msingi ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu Huria, kisha akaomba shahada.

Mwenye kidato cha nne pekee ndiye anayepotezwa zaidi na ushauri wa mtaani. Ataambiwa lazima akafanye kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo ipo, ila kwa mtu mwenye duka na watoto watatu siipendekezi, maana miaka miwili inaweza kuishia kwenye mtihani mmoja na mkono mtupu. Ukiwa na D nne, bila kuhesabu masomo ya dini, unaweza kuanza astashahada ya mwaka mmoja, ukaendelea na stashahada ya miaka miwili, na ukiipata kwa GPA ya 3.0 ukaomba shahada. Ni safari ndefu, lakini kila kituo kina cheti chake. Ukiishia njiani huondoki bure. Angalia tu D hizo ni za masomo gani. Kiswahili, Historia, Jiografia na Uraia hazitakuingiza kwenye utabibu, hata ukae miaka kumi ukiuza dawa.

Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja tangu 2017, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa miongozo miwili kila mwaka: mmoja wa wenye kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada. Wengi husoma usiowahusu. Mwenye stashahada huhitaji pia namba ya uhakiki, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Aiombe mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Mkopo ni habari nyingine. Bodi ya Mikopo, katika miongozo yake ya miaka ya karibuni, imeweka ukomo wa miaka 35, na aliye kwenye ajira hahesabiwi mhitaji. Hapo umri unarudi kwa mlango wa nyuma. Piga hesabu ya ada ya mwaka mzima kabla ya kulipia fomu, na mwajiri wako aulizwe sasa kama anaunga mkono mpango wako wa kusoma.

La mwisho ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne Mwanahidi, kitambulisho cha taifa kina jina la mume. Vinapokutana kwenye dawati la udahili, kila kimoja ni mtu wake. Wakili atakuandalia hati ya kuthibitisha majina, ila si siku ya mwisho ya maombi, saa kumi jioni, mtandao ukiwa umelala.